Umeme wa Gari Kuukuu Hauchoki

“Gari la zamani hilo, mzee. Umeme wake umeshachoka.”

Maneno haya nimeambiwa Tanga, nikaambiwa Korogwe, nikaambiwa tena Mombo, na kila nilipoambiwa nilitoa pesa. Nilinunua balbu. Nilinunua betri mbili mpya. Nililipia alteneta ifunguliwe na kufungwa upya. Taa ziliwaka gereji mchana, zikazingua barabarani usiku.

Gari lenyewe ni basi dogo, Toyota Coaster ya miaka ya 1990. Mimi na mdogo wangu tuling'oa viti, tukaweka vitanda viwili, sinki lenye pampu ndogo ya maji, jiko la gesi na taa sita za dari. Wageni wanaovuka Usambara kwa miguu kutoka Lushoto hadi Mtae siku nyingine hulala humo. Sisi tunatangulia na gari, wao wanatukuta jioni. Ulaya na Marekani magari ya namna hii hutoka kiwandani yakiwa nyumba kamili. Letu ni la kuungaunga kwa mbao na misumari, ila lina taa za gari na taa za nyumba kwa pamoja, na likiugua linaugua kote kuwili.

Jioni moja ya mwezi Mei, masika yakiwa hayajakatika, tulikuwa tunaingia Malindi ya huku Usambara. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka msitu wa Magamba, mzito, nikawa naufuata ukingo wa barabara kwa kuchungulia dirisha la pembeni. Nyuma yangu kulikuwa na Fuso tupu inayokwenda kupakia kabichi. Nilipofunga breki kuwapisha kina mama wenye mizigo ya majani, Fuso ile ilisimama ikiwa imebakiza hatua moja initie ubavuni mwa mlima. Dereva akashuka, anatetemeka.

“Kaka, ukikanyaga breki taa zako za nyuma ndiyo kwanza zinafifia. Mimi nilijua unaondoka.”

Siku ile niliamua sitaki tena kuambiwa kwamba umeme umechoka.

Rai ninayoipinga

Kauli ile si ya fundi mmoja. Ni imani iliyokubalika na mafundi, madereva, wenye magari na hata abiria, na ni haki niieleze kama wenyewe wanavyoieleza.

Wanasema hivi. Gari likishavuka miaka 20, nyaya zake zimekauka, viungo vimeliwa na kutu, na mikono mingi imeshapita humo ikikata na kuunga. Kuitafuta hitilafu ya taa moja kunaweza kula siku nzima. Balbu ni rahisi, fyuzi ni rahisi zaidi, na betri kila mtu anajua kwamba hufa. Basi anza na vinavyobadilika: balbu, fyuzi, betri, alteneta. Vikikataa, ng'oa nyaya zote upige mpya. Mita ya umeme ni kitu cha darasani. Testa inatosha: ikiwaka, umeme upo, isipowaka, haupo. Mteja mwenyewe hataki kulipia saa mbili za mtu anayetazama namba. Anataka taa.

Walioshika rai hii si wavivu. Wamesomesha watoto kwa kazi hiyo, na magari mengi yametoka mikononi mwao yakiwa yanawaka taa. Lakini wamekosea, na kosa lao lina gharama ambayo haiandikwi kwenye risiti. Nitalichambua sehemu kwa sehemu.

Kwanza: kinachochoka ni kiungo

Kopa haizeeki kama ng'ombe. Waya wa kopa wa mwaka 1992 uliokaa salama ndani ya ganda lake unapitisha umeme leo kama ulivyoupitisha siku ya kwanza. Kinachobadilika ni mahali waya unapoishia: pale unapobanwa kwenye kichwa chake, pale miguu ya fyuzi inapokaa, pale kikalio cha balbu kinapoguswa, pale boliti inapoushika mwili wa gari. Gari letu hukaa Tanga nusu ya wiki, kwenye hewa ya chumvi ya bahari. Nusu nyingine liko huku juu kwenye umande na ukungu. Chumvi huvuta unyevu, na unyevu ukikutana na kopa unazaa ile kutu ya kijani inayoingia hadi chini ya ganda la waya. Ukitazama nje unaona waya mzima.

Aliyenifungua macho hakuwa fundi magari. Ni kijana wa pale Malindi anayefunga sola na kutengeneza redio. Alikuja asubuhi akiwa na mita ndogo ya njano iliyofungwa kwa mpira wa ndani wa baiskeli.

“Shikamoo mzee. Washa taa kubwa, usizime.”

“Marahaba. Mbona wenzako hupima zikiwa zimezimwa?”

“Zikizimwa kila waya ni mzima, mzee.”

Akapima kwenye betri: volti 25. Akapima mgongoni mwa balbu ya mbele, taa ikiwa inawaka: volti 21.5. Volti tatu na nusu zilikuwa zimepotelea njiani. Mtu atasema 21.5 kati ya 25 si mbaya. Ni mbaya sana, kwa sababu mwanga wa balbu ya nyuzi haushuki sawasawa na volti; unaporomoka. Ukipoteza sehemu moja ya kumi ya volti, unapoteza karibu theluthi ya mwanga. Sisi tulikuwa tumepoteza zaidi ya hapo, yaani karibu asilimia 40 ya mwanga wa mbele. Nilikuwa napanda kutoka Mombo, kilomita 33 za kona hadi Lushoto, kuta za mawe upande mmoja na korongo upande wa pili, nikiwa na taa ya kuazima. Na gereji tatu zilikuwa zimeniambia taa zinawaka.

Kweli zilikuwa zinawaka, na mtihani wote wa rai hii unaishia hapo.

Zile volti zilizopotea hazipotei bure. Balbu mbili za wati 70 kwenye gari la volti 24 huvuta karibu ampea sita. Zidisha na volti tatu na nusu: ni wati 20 zinazogeuka joto katika kiungo kimoja kilichojificha nyuma ya dashibodi. Haziko mbali na nguvu ya chuma cha kulehemu anachotumia fundi redio. Chuma hicho nilikiwasha kila usiku bila kujua, kimeegeshwa kwenye plastiki.

Ndiyo maana testa haitoshi. Testa huvuta umeme kidogo mno. Waya uliobakiza uzi mmoja mzima kati ya nyuzi 20 utaiwasha testa kwa furaha yote, kisha utashindwa kuibeba balbu. Mkulima wa Malindi analijua jambo hili bila kusoma umeme. Mfereji uliozibwa na udongo, ukifunga mdomo wake, maji yanajaa hadi ukingoni na utaapa kwamba yapo ya kutosha. Fungua mdomo yaende kwenye viazi ndipo utaona yanayochuruzika. Kupima waya wakati taa imezimwa ni kutazama mfereji ukiwa umefungwa mdomo.

Pili: safari ya kurudi

Wahenga walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Umeme wa gari nao una ngama yake: lazima urudi kwenye hasi ya betri. Unakwenda kwa waya, unarudi kwa mwili wa gari. Rai ninayoipinga inajali kwenda tu. Fundi anagusa waya wa chanya, testa inawaka, anasema “umeme unafika hapa”, na kazi imekwisha. Kurudi hakuulizwi.

Na dalili ya kurudi kubovu iko wazi kiasi kwamba mwenye gari anaweza kuisoma mwenyewe. Balbu ya nyuma ya kawaida ina nyuzi mbili ndani: moja ya wati 5 kwa taa ndogo, moja ya wati 21 kwa breki. Zote mbili zinarudi kwa njia moja. Njia hiyo ikiziba, umeme wa breki haukai kusubiri. Unapanda kupitia uzi mwingine, unaingia kwenye waya wa taa ndogo kinyumenyume, unakwenda kutafuta pa kutokea mbele ya gari. Ndipo unapokanyaga breki mchana na taa za dashibodi zikaamka. Ndipo indiketa ya kulia inapopepesa kidogo ukiwa umewasha ya kushoto. Ndipo, ukiwa umewasha taa ndogo usiku, breki inaifanya nyuma yako ififie badala ya kung'aa. Dereva wa Fuso aliona kitu hicho hicho.

Kwa dalili hizo mimi niliuziwa balbu nane na swichi ya breki.

Yule kijana aligusisha waya mweusi wa mita kwenye hasi ya betri, kwa waya mrefu wa kuungaunga, na ule mwekundu kwenye kikalio cha taa ya nyuma. Mdogo wangu akakanyaga breki. Namba iliyotakiwa kuonekana ni sifuri, au isiyofika hata nusu volti. Ilionekana 13. Zaidi ya nusu ya umeme wa gari ilikuwa inakwama kwenye njia ya kurudi.

Tulifuata waya ule hadi boliti moja ya spana namba 10, ndani ya kona ya nyuma kushoto. Boliti ilikuwa imekazwa vizuri. Chini yake kulikuwa na rangi. Miaka miwili nyuma tulilipiga gari rangi upya ili wageni walipende, na mpuliza rangi alifungua boliti, akapuliza, akafunga juu ya rangi. Rangi haipitishi umeme. Gari lilikuwa linarudisha umeme kwa mikwaruzo iliyoachwa na nyuzi za boliti peke yake, na unyevu wa masika ulikuwa unaimalizia hiyo mikwaruzo. Ugonjwa ambao wote walisema umeletwa na uzee ulikuwa umeletwa na upya.

Kwenye gari la kulala jambo hili linazidi uzito. Taa zetu za dari zimeshikwa na mbao, na mbao haina hasi. Magari ya kiwandani ya aina hii mengi yana kuta za plastiki ngumu, nayo ni hivyo hivyo. Kila taa inahitaji waya wake wa kurudi, na aliyeufunga hana sababu ya kuutafutia kopa nene, maana kwenye rai yake waya wa kurudi ni nyongeza. Tena kuna jambo mafundi wengi hawalitarajii: Toyota nyingi za zamani hukata taa kubwa upande wa hasi. Chanya inakaa kwenye balbu moja kwa moja kupitia rilei, na swichi ya usukani inafungua njia ya kurudi. Fundi anayetafuta chanya tu ataikuta kila mahali, atachanganyikiwa, kisha atasema umeme umechoka.

Tatu: fyuzi kubwa

Hapa sina upole. Fyuzi ya taa zetu za ndani ilikuwa ya ampea 15, ile ya bluu. Ikawa inakatika. Fundi mmoja akaweka ya 30, ya kijani. Nayo ilipokatika, mwingine akaikunjia karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, akanihakikishia: “Hii haikatiki.”

Ni kweli haikukatika.

Wanaofanya hivi wanaamini fyuzi inailinda taa, na kwamba taa ikizimika fyuzi ndiyo adui. Fyuzi inaulinda waya. Waya mwembamba uliochaguliwa kubeba ampea 15, ukiruhusiwa kubeba 40 kwa sababu umejigusa mahali, unageuka waya wa jiko. Balbu haihusiki. Fyuzi inayokatika mara kwa mara inakupa habari: kuna mahali waya umechunika, au kuna mzigo mkubwa kuliko ulivyopangwa. Kuweka fyuzi kubwa ni kumziba mdomo anayekuambia nyumba inaungua.

Tulipovuta kabati la jiko tuliona tulichokuwa tunalala nacho. Waya wa taa ulipita nyuma ya kabati, umebanwa na skrubu ya bawaba. Kwa urefu wa shubiri moja ganda lake lilikuwa limeyeyuka, limegeuka kahawia, limegandana na mbao. Mbao nayo ilikuwa imeacha alama nyeusi yenye umbo la waya. Kutoka hapo hadi kwenye mpira wa mtungi wa gesi ni kiganja kimoja. Juu yake kuna godoro la sponji. Wageni wawili walikuwa wamelala juu ya godoro hilo usiku wa kuamkia siku ile, mlango ukiwa umekomewa kwa ndani kwa sababu ya baridi.

Niliuliza baadaye kwa nini fyuzi ya 30 haikuonekana kuwa hatari. Nikajibiwa kwamba magari yote ya zamani yana fyuzi kubwa. Hilo ni jibu la kweli. Linaeleza mengi kuhusu magari yanayoungua barabarani na sababu ikaandikwa “hitilafu ya umeme”.

Nne: betri zinazokufa kabla ya siku zake

Coaster yetu ina mfumo wa volti 24, yaani betri mbili za 12 zilizofungwa kwa mfuatano. Taa za dari, pampu na chaja za simu ni za volti 12. Njia rahisi inayotumika kila gereji, kwenye mabasi yenye redio na kwenye malori, ni kuchomoa 12 kutoka katikati: unachukua betri moja tu kati ya mbili na kuipa kazi yote ya nyumba.

Rai inasema hakuna shida, alteneta itajaza zote. Haiwezi. Alteneta inaona jumla tu. Tulipowasha injini, jumla ilikuwa volti 28.2, namba nzuri ambayo ingemridhisha kila mtu. Kisha kijana akapima moja moja. Betri inayobeba taa za ndani ilikuwa na 13.1. Mwenzake alikuwa na 15.1. Betri ya 12 huchajiwa kwa volti kati ya 13.8 na 14.4 hivi. Kwa hiyo ya kwanza ilikuwa haishibi hata siku moja, na ya pili ilikuwa inachemshwa. Tulifungua vifuniko: moja maji yake yameshuka hadi sahani zinaonekana, nyingine maji yamejaa na nguvu haina. Zilikuwa na umri wa miezi saba.

Huo ndio ugonjwa uliozifanya taa za dari zififie kila pampu ya sinki ilipowashwa. Gereji ililiona hilo ikasema betri zimekufa, na ilisema kweli. Haikuuliza aliyeziua ni nani. Ningenunua jozi nyingine nayo ingekufa katika miezi saba mingine, na muuza betri angeendelea kunisalimia kwa jina. Dawa yake ipo na haina siri: kifaa cha kushusha volti 24 ziwe 12, kinachovuta kutoka betri zote mbili kwa usawa, au betri ya tatu ya nyumba peke yake, yenye paneli yake ya sola juu ya paa. Sisi tulichagua betri ya tatu. Jua la Usambara si la kutegemea mwezi Julai, lakini taa sita za dari hazili sana.

Tano: kung'oa zote na kupiga mpya

Ushauri huu unaonekana wa kishujaa. Kiwandani nyaya hupewa rangi, kila rangi na kazi yake, na michoro yake inapatikana. Ukizing'oa umeichoma ramani. Kinachowekwa badala yake mara nyingi ni waya wa rangi moja, kwa sababu ndiyo iliyokuwa dukani, na mara nyingi zaidi ni waya wa nyumba.

Waya wa nyumba ni uzi mmoja mnene. Umetengenezwa kukaa ukutani bila kutikisika miaka 40. Gari hutikisika. Barabara ya vumbi ya kwenda Mtae inatikisa kila kitu kilichokazwa na kisichokazwa. Uzi mmoja ukitikiswa kwenye kichwa chake unakatika kama waya wa hanga unaokunjwa na kukunjuliwa, na unakatika ndani ya ganda, mahali pasipoonekana. Waya wa gari una nyuzi nyingi nyembamba kwa sababu hiyo. Anayeng'oa nyaya nzima za zamani zenye kiungo kimoja kibovu, akaweka nyaya mpya za nyumba zenye viungo 50 vya kusokota na kufunga tepu, ameondoa ugonjwa mmoja akapanda hamsini. Na tepu ile nyeusi ikipata joto la injini inaachia gundi. Ukirudi mwaka unaofuata unaikuta inaning'inia.

Kuna waya unaostahili kupigwa mpya. Ule uliogandana na mbao tuliutoa wote, tukapitisha mwingine ndani ya mpira, mbali na skrubu. Na taa kubwa tumezipa rilei na waya mnene mfupi kutoka betri, ili umeme usizunguke tena hadi kwenye usukani na kurudi. Lakini hayo tuliyafanya baada ya kupima, mahali pale mita ilipotuonyesha.

Kuhusu taa za LED, ambazo sasa zinauzwa kama dawa ya yote, nitasema machache. Ndani ya nyumba ni nzuri, zinakula umeme kidogo. Kwenye indiketa zinafanya rilei ipepese haraka kana kwamba balbu imeungua, kwa sababu rilei ya zamani inahesabu mzigo. Mbele ya gari, ndani ya kioo kilichochongwa kwa balbu ya nyuzi, zinatawanya mwanga hadi machoni mwa anayekuja, na kwenye ukungu wa Magamba ukuta mweupe unakurudia mwenyewe. Kiungo kibovu hazikitibu. Kwa kuwa zinavuta kidogo, zinakificha tu.

“Kupima ni anasa”

Inabaki hoja moja ambayo naiheshimu kuliko zote: fundi hana muda wa kupima, na mteja hana pesa ya kulipia kupimwa.

Hesabu yangu ni hii. Balbu nane, swichi ya breki, betri mbili, alteneta kufunguliwa, siku nne za gereji katika miji mitatu, na kundi moja la wageni lililoghairi kwa sababu gari halikufika. Upande wa pili: kijana mwenye mita, saa mbili na nusu za asubuhi, kipande cha msasa, vichwa vipya vya waya, boliti moja, grisi kidogo ya kuziba unyevu. Vitu vyote hivyo kwa pamoja havikufika bei ya betri moja. Mita yenyewe ni rahisi kuliko betri moja. Anayesema kupima ni ghali hajawahi kuijumlisha ramli yake, kwa sababu ramli hulipwa kidogokidogo, kila safari kwa mkono tofauti.

Gharama nyingine inaangukia watoto wa gereji. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, inafundisha umeme wa magari, na kijana anayetoka huko anajua kushika mita. Akifika gereji anaambiwa aiweke chini, alete balbu. Baada ya mwaka mmoja amesahau, baada ya miaka mitano naye ana wanafunzi wake, anawafundisha kwamba gari la zamani umeme wake huchoka. Imani hii hairithiwi kwa sababu ni kweli. Inarithiwa kwa sababu inamwondolea kila mtu lawama: fundi hakushindwa, gari lilizeeka, mwenye gari hakupuuza, gari lilizeeka.

Na barabara haiwezi kusubiri. Malori ya kabichi, karoti na viazi hushuka kutoka huku juu usiku ili yakute soko la Dar es Salaam alfajiri. Tangu mwaka 2023 mabasi nayo yameruhusiwa kusafiri usiku kucha, na barabara kuu inayopita Mombo haina tena saa ya kulala. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inataka gari liwe na taa zinazofanya kazi. Taa inayofifia unapokanyaga breki haifanyi kazi, hata kama inawaka askari anapokuomba uiwashe.

Ndugu mwenye gari la zamani, kabla hujanunua balbu nyingine, fanya haya. Washa taa zote, injini ikiwa imezimwa. Mwombe fundi apime kwenye betri, kisha kwenye taa yenyewe, kisha kati ya kikalio cha taa na hasi ya betri. Aandike namba tatu kwenye karatasi mbele yako. Mlipe kwa saa hiyo, umlipe vizuri, hata kama hajabadilisha kitu. Asipokuwa na mita, muulize fundi sola wa kijijini kwako. Na usimkubalie yeyote aweke fyuzi ya kijani palipokuwa na ya bluu.